Motokaa za Umeme na Safari za Mbali

Jumapili moja baada ya Misa, kijana mmoja wa hapa Kirungu alituonyesha katika simu yake picha ya motokaa ya umeme. Haina tangi la petroli, haina moshi, wala haina mlio wa kuamsha mtoto. Kijana akamgeukia mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi katika njia ya Kalemie, akamwuliza: "Papa, mutuka hii inaweza kutufikisha Lubumbashi?" Mzee akaitazama picha kwa muda, akamrudishia simu yake, akasema: "Mwanangu, uliza kwanza itakula nini njiani."

Watu wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini sisi jibu lile hatukuweza kuliacha, kwa maana tulipofika nyumbani na kuanza kukumbuka mambo ya kale ya nchi hii, tuliona kwamba mzee amesema neno kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Hakuna chombo cha safari kilichopata kufika ziwani petu ila mtu aliulizwa swali hilohilo.

Tuanze na miguu. Wamisionari wa kwanza wa Kardinali Lavigerie walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Hiyo ni miezi 7. Chombo chao kilikuwa mabega ya wapagazi, na mpagazi hula. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mizigo haikuwa vitu vya kuanzia misioni, bali nguo na ushanga na waya za kununulia mtama na muhogo katika vijiji vya njiani. Palipokuwa na njaa msafara ulitaabika. Palipokuwa na vita ulizunguka au ulisimama. Kapteni Storms alipojenga Mpala mwaka 1883, na wamisionari walipoipokea mwaka 1885, na hata walipoanza makao ya Baudouinville, yaani Kirungu yetu hii, mwaka 1893, mambo yalikuwa bado vilevile. Safari ilikuwa nyepesi au nzito kadiri ya chakula kilichopatikana kati ya kituo na kituo.

Ikaja mashine ya moshi. Mwaka 1885 Waingereza wa London Missionary Society walishusha katika ziwa letu stima ndogo iliyoitwa Good News, ambayo vipande vyake vilibebwa na watu kutoka ziwa Nyasa. Stima haikula mtama, ilikula kuni. Ilibidi mahali pa kutia nanga pawe na kuni zilizokwisha kukatwa, la sivyo mabaharia washuke wenyewe na mashoka. Aliyefikiri kwamba mashine imewapumzisha watu alikosea kidogo: imewahamisha tu kutoka njia ya mizigo kwenda porini kukata miti.

Lakini habari inayotufaa kuliko zote ni ya mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza. Wajerumani walikuwa na stima za vita ziwani, na ukingo wetu wa magharibi haukuwa na usalama. Waingereza wakaazimu kuleta mashua mbili za mota, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja, nazo ziliitwa Mimi na Toutou. Mkubwa wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Kutoka London zilikwenda kwa meli mpaka Cape Town, na kutoka Cape Town kwa gari la moshi mpaka Fungurume katika Katanga. Hapo reli ikawaishia. Mbele yao palikuwa na kilomita 230 na zaidi za pori na milima ya Mitumba, mpaka Sankisia.

Wakaleta matrekta mawili ya moshi ya kukokota mashua, pamoja na ng'ombe wengi. Ilikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi kikali. Njia ilikatwa porini, madaraja ya miti yakajengwa kwa makumi, na matrekta yakaanza kwenda. Ndipo taabu ikaonekana: trekta la moshi linataka kuni, nazo kuni zilikuwepo, lakini linataka na maji mengi, na vijito vilikuwa vimekauka. Katika sehemu moja matrekta yalisimama kabisa kwa kiu. Basi wanawake wa vijiji wakaitwa. Walichota maji mbali, wakayaleta kwa mitungi vichwani, wakayamimina katika tumbo la mashine. Wakubwa wa safari ile waliandikwa vitabuni na kupewa nishani. Majina ya wanawake wale hatujapata kuyaona mahali popote.

Safari ile ya nchi kavu ilimaliza kama wiki 6. Kisha mashua zikapanda reli fupi mpaka Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, zikaingia tena katika gari la moshi na kufika Lukuga, karibu na mahali penye mji wa Kalemie sasa, mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka stima ya Kijerumani Kingani, na mwezi wa Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Watu husimulia sana habari ya mizinga. Sisi hupenda zaidi kufikiri ile mitungi ya maji.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya moshi, petroli ilimaliza taabu hiyo. Siyo, ndugu. Petroli nayo ilianza kwa njaa. Mwaka 1888 Bertha Benz, mke wa fundi Karl Benz wa Ujerumani, alichukua motokaa ya mumewe pamoja na wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, kama kilomita 100, safari ya kwanza ya mbali iliyofanywa kwa motokaa. Njiani mafuta yalipungua. Hapakuwa na duka la petroli mahali popote duniani, ikambidi anunue kwa mwuza dawa, ambaye aliyauza kwa chupa kwa kazi ya kusafishia madoa ya nguo!

Na huku kwetu? Mjerumani Paul Graetz alitoka Dar es Salaam kwa motokaa tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, kwenye bahari ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Hesabuni wenyewe: siku 630. Mpagazi mwenye afya angefika mapema. Petroli yake ilibidi itangulizwe na kuwekwa vituo vituo, na iliyotanguliza petroli hiyo si motokaa nyingine, ni watu. Vivyo hivyo motokaa za Citroën zilizopita Afrika nzima mwaka 1924 na 1925 zilipata njia kwa sababu mafuta na chakula vilikuwa vimekwisha kuwekwa mbele yao. Tunayoiona leo kuwa tabia ya petroli, kwamba inapatikana kila mahali hata katika chupa mezani kando ya njia, si tabia yake ya kuzaliwa. Ni kazi ya watu ya zaidi ya miaka 100.

Sasa tuje kwenye umeme. Wengi hudhani motokaa ya umeme ni jambo la juzi. Kumbe ni mkubwa wa petroli kwa umri. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alikwisha kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa umeme katika njia za Paris. Na mtu wa kwanza duniani kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa motokaa alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris. Motokaa yake ilikuwa ya umeme, yenye umbo la risasi, nayo iliitwa La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika Kamwe. Katika miaka ile huko Marekani mabibi wa mijini walizipenda sana motokaa za umeme, maana hazikunuka, wala hazikutaka kuzungushwa kwa mkono. Wazee wetu walioendesha malori ya zamani wanaijua vema ile manivela, jinsi ilivyoweza kurudi nyuma na kuvunja mkono wa mtu. Ajabu ni kwamba kilichoiua motokaa ya umeme ni mota ndogo ya umeme: mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitia katika motokaa zake mota ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering, na tangu hapo petroli haikuwa tena na ubaya ule.

Kosa la umeme lilikuwa moja, nalo si nguvu wala mbio. Jenatzy alishinda mbio za kilomita moja. Kosa lilikuwa kubebwa. Betri za risasi za siku zile zilikuwa nzito kama mawe na zilimalizika upesi. Hata hivyo tusiseme kwamba umeme hauwezi safari ndefu. Hapa Katanga, katika miaka ya 1950, reli ya BCK upande wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, ilianza kukokota magari kwa umeme, tena magari mazito ya shaba. Yaliweza kwa sababu chakula chao kilitandazwa juu ya njia yote kwa waya. Umeme ulikuwa tayari kabla gari halijatoka.

Betri yenyewe imebadilika katika zamani zetu. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za litiamu, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Motokaa ya umeme ya kawaida hubeba betri ya kilowati-saa 60 hivi, uzito wake kama kilo 400, na katika njia nzuri ya lami huweza kwenda kilomita 300 mpaka 400. Katika matope au mchanga itakwenda pungufu sana. Katika kushuka milima hupata faida ambayo petroli haina: mota hugeuka kuwa dinamo, ikarudisha umeme kidogo katika betri. Atokaye milima ya Marungu kushuka mpaka bandari ya Moba angefika na betri imeongezeka kuliko alivyokuwa juu. Kupanda tena, hilo ni shauri lingine.

Tuipime basi katika njia zetu. Kutoka Moba mpaka Kalemie, kwa mstari ulionyoka kama ndege arukavyo, ni karibu kilomita 140. Njia yenyewe ni ndefu zaidi kwa makona yake. Kwa hesabu tu, motokaa ya umeme yaweza kufika. Kalemie kuna umeme unaotoka Bendera, katika maporomoko ya mto Kyimbi, nao hukatika mara kwa mara, lakini upo. Dereva mwenye subira angeijaza usiku, akarudi. Hapo tumekubaliana na kijana. Lakini betri iko chini ya sakafu, karibu na ardhi, na sisi tunayajua mawe ya njia ile na mifereji inayochimbwa na mvua. Sisi wenyewe tulilala siku mbili katika lori lililozama tope, na kilichotutoa si injini, ni majembe, matawi ya miti, na mabega ya watu wa kijiji cha jirani.

Lubumbashi je? Kwa mstari ulionyoka ni zaidi ya kilomita 550, na njia inapita Pweto. Hapo swali la mzee linasimama kama nguzo. Bidoni moja ya petroli ya lita 20 ina uzito wa kilo 15 hivi, na mtu huifunga nyuma ya baiskeli na kuipeleka popote. Ndani yake mna nguvu ya kilowati-saa karibu 180. Injini hupoteza zaidi ya theluthi mbili kwa joto, hata hivyo kinachobaki katika bidoni ile moja hakiko mbali sana na betri nzima ya kilo 400. Motokaa ya umeme ikiishiwa porini, hakuna baiskeli itakayoiletea bidoni ya umeme. Mwenye jenereta ndogo ya kilowati 4 angeijaza kwa saa 15, huku jenereta ikinywa petroli ileile tuliyotaka kuikimbia. Mwenye sahani za jua za wati 400, kila moja ikitoa kilowati-saa 2 kwa siku yenye jua zuri, angehitaji sahani 30 ili kuijaza kwa siku moja. Si jambo lisilowezekana. Misioni na hospitali kadhaa zina sahani nyingi juu ya mapaa yao. Lakini ni lazima mtu atangulie kuziweka, kama petroli ya Graetz ilivyotangulizwa.

Na yako mahali pengine wameanza. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitengeneza motokaa ya umeme ya watu wawili, Kiira EV, iliyokwenda kama kilomita 80 tu kwa kujazwa mara moja. Mjini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kuchukua abiria mwaka 2022. Yanazunguka mjini mchana na kujazwa usiku. Mjini Kigali waendesha pikipiki za umeme hawangoji kujaza: wanafika kituoni, wanatoa betri iliyokwisha, wanatia iliyojaa, wanaondoka. Na mwaka 2024 pikipiki ya umeme iliyotengenezwa Kenya ilisafiri kutoka Nairobi mpaka Stellenbosch katika Afrika ya Kusini, kilomita 6,000 hivi kwa siku 17, ikijazwa kwa nguvu ya jua. Siku 17! Graetz angelia. Lakini angalieni: mitambo ya jua ilisafirishwa pamoja na msafara. Hata safari hii ya kisasa ilikuwa na wapagazi wake, ila sasa wana magurudumu.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja Manono, jirani yetu katika jimbo hilihili la Tanganyika, kama kilomita 260 magharibi yetu kwa mstari ulionyoka. Zamani za Wabelgiji kampuni ya Géomines ilichimba huko madini ya bati, na ili kuendesha mashine zake ilijenga kituo cha umeme cha Piana Mwanga, katika mto Luvua. Mji ulikuwa na taa. Kisha kampuni ikafa, vita vikaja, kituo kikaharibika na kuacha kufanya kazi, na Manono ikarudi gizani. Sasa wataalamu wamepima mwamba ule na kuona kwamba chini yake mna litiamu, moja ya hazina kubwa za dunia nzima, na makampuni ya nchi za mbali yameushindania mpaka mbele ya waamuzi wa Ulaya na Marekani. Na upande wa Kolwezi hutoka kobalti. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Ni kweli kwamba betri nyingine siku hizi hutengenezwa kwa chuma na fosfati bila kobalti. Litiamu hata hizo hazikuiacha.

Kwa hiyo motokaa inayokwenda kimya katika njia za Norway, nchi ambayo mwaka 2024 karibu motokaa 9 kati ya 10 zilizouzwa mpya zilikuwa za umeme, yaweza kuwa imebeba tumboni mwake kitu kilichochimbwa kwetu. Huko yafaa sana kwa safari ndefu, maana vituo vya kujazia vimepangwa njia nzima. Sisi tunatoa chakula cha motokaa ile, lakini njia yetu haina chakula. Jambo hili si geni. Mwaka 1982 ulimalizika waya mkubwa wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Waya huo unapita juu ya vijiji vingi, na watu wa vijiji hivyo huutazama usiku kwa mwanga wa mwezi. Mwezi wa Aprili 2022 marais wa Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri katika nchi zetu hizi badala ya kupeleka udongo tu. Twangoja kuona betri ya kwanza.

Basi tulimwambia nini kijana? Tulimwambia kwamba kwa Lubumbashi, leo, tungepanda lori la mazuti, tungechukua na jembe. Lakini tuliongeza kwamba si kila safari ni ya mbali. Kutoka bandarini mpaka Kirungu ni mlima, si mwendo mrefu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hupandishwa hapo usiku, na mara nyingi kinachochelewesha si ubovu wa pikipiki, ni kutafuta nani ana petroli saa hiyo. Pikipiki ya umeme iliyojazwa mchana kwa jua ingekuwa tayari. Safari hiyo ya kilomita chache ina uzito kuliko nyingi za kilomita 500.

Kijana akaanza kuuliza bei. Mzee dereva, aliyekuwa amekaa kimya wakati wote, akauliza sahani zile za jua huhesabu nini katika mwezi wa Februari, mawingu yanapokaa wiki nzima juu ya Marungu. Tukamjibu kweli: hutoa kidogo, pengine robo tu ya siku njema. Akatikisa kichwa, akasema basi ziwekwe mara mbili, na betri moja ya akiba ikae misioni.

Kijana akaiandika hesabu ile katika simu yake.